Kituo cha soka cha watoto Unguja mjini: kinafundisha vizuri, ila hakiulizi mtoto amekulia wapi

Kituo ninachokieleza hapa, ambacho sikitaji jina kwa kuwa mengi ya haya yanavihusu pia vituo vingine vya aina yake, huwafundisha soka watoto wa miaka minane hadi kumi na minne, asubuhi za Jumamosi na Jumapili, katika uwanja mdogo wa kukodi wenye nyasi bandia pembezoni mwa mji. Ada ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Mipira na vizibao ni vya kituo, na mzazi hutakiwa kununua viatu tu. Nimewaandikisha watoto wawili: mwanangu, aliyezaliwa na kukulia Mpendae, hapa hapa mjini, na mpwa wangu, aliyelelewa Maziwa Ng'ombe katika Wilaya ya Micheweni, Pemba, kisha akahamia kwetu kwa ajili ya skuli. Wamezaliwa mwaka mmoja, wa kwangu Februari na mwenziwe Novemba, na kwa kuwa wamewekwa kundi moja nimeweza kuona namna kituo kinavyowapokea watoto waliokulia mahala tofauti.

Makocha wanastahili sifa. Wana subira, hawamtukani mtoto aliyekosea, wanaanza kwa wakati, na kila zoezi huelezwa sababu yake. Mwanangu alikuwa hawezi kabisa kuutuliza mpira kwa mguu wa kushoto, na sasa anautuliza na kuutoa bila ya kuuangalia. Kwa mtoto wa mjini, ambaye kiwanja cha mtaani kwao kimeshajengwa nyumba na njia iliyobaki ni ya bodaboda na magari, kituo hiki kinamrejeshea nafasi ya kukimbia ambayo mtaa umempokonya. Masika, ambapo viwanja vya udongo huwa tope tupu, mazoezi hayakukatika. Kasoro ya uwanja ni joto: ikifika saa nne asubuhi nyasi zile huunguza nyayo hata ndani ya kiatu, na mahali pa kivuli ni padogo kwa idadi ya watoto waliopo.

Mpwa wangu alikuja na mafunzo ya namna nyengine, ingawa hakuna aliyewahi kumpigia filimbi. Kwao watoto hucheza pwani maji yanapokupwa, wadogo kwa wakubwa pamoja, na mchezo huisha bahari inaporudi. Mchanga una mashimo na vilima, kwa hiyo mpira haurudi unavyotarajia. Siku yake ya kwanza kituoni alipigiwa pasi ya chini, akainua unyayo kuungojea mpira udunde. Haukudunda, ukampita chini ya mguu, na wenzake wakacheka. Kocha alimrekebisha kwa upole, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Lakini baadaye kidogo, alipobanwa na watoto wawili pembeni mwa uwanja, aliukanyaga mpira, akaurudisha nyuma kwa kisigino, akageuka na kutokea katikati yao. Alisimamishwa, kwa sababu zoezi lilikuwa la kugusa mara mbili tu. Zoezi lina maana yake, nami silipingi. Kilichonisikitisha ni kwamba hakuna aliyemrudia baada ya zoezi kumwambia aoneshe tena alichofanya.

Hili si jambo la huruma za mjomba kwa mpwawe. Mwaka 2006 mtafiti Jean Côté wa Kanada na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu mahala walikozaliwa wanamichezo wa kulipwa wa Amerika Kaskazini katika mpira wa kikapu, besiboli, gofu na hoki ya barafuni. Walikuta kwamba waliotoka miji yenye watu chini ya 500,000 ni wengi kuliko ilivyotarajiwa kwa hesabu ya watu, na waliotoka majiji makubwa zaidi ni wachache. Maelezo waliyopendekeza ni kuwa miji midogo humpa mtoto nafasi na usalama wa kucheza kwa hiari yake, bila ya kupangiwa, na kuchanganyika na wa umri mbalimbali. Kipimo hicho hakiwezi kubebwa kizima kizima hadi kwetu, kwani uchunguzi uliofuata kwa wanamichezo wa Olimpiki wa Marekani, Kanada, Uingereza na Ujerumani haukutoa picha moja kwa nchi zote, na tena pahala pa kuzaliwa si lazima pawe pahala pa kukulia. Hata hivyo, Pemba nzima, kwa sensa ya 2022, ina watu wapatao 543,000 waliotawanyika katika miji midogo na vijiji, na mtoto wa huko anacheza saa nyingi ambazo hakuna kituo kinachoweza kumuuzia.

Nchini mwetu jambo hili tunalikubali kwa urahisi katika riadha. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, ametoka Karatu, na Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2025, ametoka Singida, na hakuna anayeshangaa kwamba nyanda za juu zimezaa wakimbiaji. Linapokuja soka la visiwani, tunasahau kuuliza ni mazingira gani yaliyomlea mchezaji, tunatazama viatu na uwanja tu.

Kasoro kubwa ya kituo, kwa maoni yangu, ni namna kinavyoteua timu ya mashindano. Watoto hugawiwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia Januari, na wanaochaguliwa wengi ni wale wakubwa wa umbo. Mpwa wangu aliachwa kwa kuambiwa kuwa bado ni mdogo. Mtoto wa Novemba ana upungufu wa miezi tisa mbele ya mwenziwe wa Februari, na katika umri wa miaka kumi miezi hiyo ni mifupa, misuli na mbio. Watafiti wameliona jambo hili tangu miaka ya 1980 katika hoki ya Kanada, na limethibitika katika soka la nchi nyingi. Ukiongeza kwamba mtoto wa shamba hajazoea zulia la nyasi bandia, unapata mtoto anayehukumiwa mara mbili kwa mambo yatakayoondoka yenyewe akivumiliwa.

Ratiba nayo inahitaji kutazamwa, kwa sababu asubuhi ya Jumamosi watoto wengi wapo chuoni wakisoma Kurani, na baadhi ya wazazi wamelazimika kuchagua moja. Wasichana hawana kundi kabisa, jambo zito zaidi kwa vile wao ndio wasio na pwani wala uwanja wa kuchezea bila ya kukatazwa.

Mzazi wa mjini ambaye mtoto wake hana pa kucheza namshauri amwandikishe bila ya kusita. Aliye Konde, Makunduchi au Nungwi, mwenye mtoto wa miaka minane anayecheza kila jioni na wenziwe, nisingemshauri amhamishie mjini kwa ajili ya mazoezi haya. Amwache acheze, na afikirie kituo atakapofika kumi na mbili au kumi na tatu, umri wa kuanza kufundishwa mpangilio wa timu. Kwa wenye kituo, ombi langu ni kwamba katika kila mazoezi watenge nusu saa ya mchezo huru uliochanganya umri, badala ya dakika kumi za mwisho wanazozitoa sasa, na kwamba uteuzi wa timu uangalie mwezi wa kuzaliwa. Watoto wangu wote wawili wanaendelea, na ada ya mwezi ujao nimeshailipa.