Jaketi Okozi Nne za Msimu wa Kusi: Ipi Inakugeuza Uso Juu?

Assalam aleikum, na kwa wengine habari za mchana. Leo meza yetu iko mchangani, hapa Raskazone, Tanga, maji yamejaa, na mezani kuna jaketi okozi nne. Nimezileta huku kwa sababu jaketi okozi haikaguliwi sebuleni. Kusi imeshaingia, jamani. Asubuhi bahari imelala, mtu anapanda zake boti ya faiba kwenda visiwani, Ulenge au Yambe, ikifika saa saba mchana upepo umechachamaa na maji yanaingia ndani. Ile tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, mmeisikia redioni mpaka mmeichoka. Mimi nawaomba msiichoke.

Tuanze na namba moja, hii mnayoijua wote. Ya rangi ya chungwa, nyepesi, mikanda miwili, inauzwa ndani ya nailoni, lebo hakuna. Ndiyo iliyojaa kwenye maboti kwa kuwa ni ya bei ya chini kuliko zote. Dogo, sogeza kamera hapa kwenye mshono. Mnaona uzi unavyorukaruka? Nikiuvuta huu mkanda hivi, kwa nguvu ya kawaida tu ya mtu anayemshika mwenzake majini... haya, umeanza kuachia. Nimeshaichana ubavuni ili tuone tumbo lake. Vipande vya sponji ya godoro, tena vimeungwaungwa. Nakitia kimoja kwenye kikombe cha maji, nakitoa, nakikamua. Tazameni hayo maji. Sponji ya kweli ya jaketi okozi ina vijumba vilivyofungwa, hewa haitoki, maji hayaingii. Ukiibonyeza kwa ukucha inarudi taratibu, na ukiikamua hutoki na kitu.

Wazee mtazikumbuka zile za sufi, sufi hii hii ya mito. Nazo zilikuwa zinaelea, tena vizuri, mpaka kitambaa kitoboke au zikandamizwe miaka na miaka. Ukikuta bado iko kwenye jahazi la mtu, mwambie aifanye mto.

Sasa kabla sijaingia majini, jambo la namba. Jaketi ya maana ina lebo ndani, na kwenye lebo kuna namba yenye herufi N: 50, 100, 150, kuna mpaka 275. Hizo ni nyutoni, nguvu ya kunyanyua. Kila 10 ni kama kilo moja. Mara nyingi pembeni utaona pia ISO 12402, ndicho kiwango cha kimataifa cha vifaa hivi. Najua kuna mtu anasema, mimi nina kilo 90, hizo kilo 5 za jaketi ya 50 zitanifaa nini? Zitakuweka juu, kwa sababu mwili ndani ya maji unabebwa na maji yenyewe, kinachohitaji msaada ni kichwa na mabega. Kwa hiyo kuelea si kazi kubwa. Swali ni ukiwa umechoka, au ubao wa boti umekupiga kichwani, unaelea umetazama wapi. Ukitazama chini, hata jaketi ya dhahabu haikusaidii.

Nimeazima mawe ya mizani kwa muuza nafaka mmoja wa Mgandini, ya chuma, kilo tano tano. Chuma majini kinapungua karibu sehemu moja ya nane ya uzito wake, kwa hiyo jiwe la kilo 5 linavuta kama kilo 4 na kidogo. Namba moja nimeifunga jiwe moja. Ikiwa kavu imelibeba. Tumeiacha tukanywa kahawa, tuliporudi mabega yake yalikuwa yameshazama, na haikuchukua muda ikaenda chini yote. Fikirieni mtu anayesubiri kuokolewa kutwa nzima.

Namba mbili ni kizibao cha michezo, kimeandikwa N 50, kina zipu mbele na kinabana kifua vizuri. Jiwe moja kimebeba, mawili kimezama, yaani ni kile kile ilichosema lebo. Halafu nikakivaa, nikalala kifudifudi, nikalegeza mwili. Hakikunigeuza. Sikilaumu, hakikuahidi. Kizibao cha 50 ni cha mtu anayejua kuogelea, yuko macho na yuko karibu na pwani. Kinachonikera ni wauzaji wanaokiuza kwa abiria kwa maneno ya kwamba ndiyo cha kisasa.

Namba tatu. Hapa nitakaa kidogo. N 100, sponji nene kifuani, kola nyuma ya shingo, filimbi imefungwa kwa uzi, na utepe wa riflekta mabegani. Bei yake ni kama mara mbili na nusu ya ile ya kwanza. Mawe mawili, kilo 10 za chuma, imebeba na mabega yake yako juu. Nikalala kifudifudi, ikanibingirisha, nikajikuta natazama mawingu. Sponji imerundikwa mbele makusudi, kifua kinataka kuwa juu, na kola inashika kichwa. Ukiwa umevaa nguo nzito za kunyonya maji inaweza kukugeuza kwa shida, kwa wanaokwenda nje kabisa N 150 ndiyo yao.

Ila tazameni mkanda huu mwembamba, unaopita katikati ya mapaja. Wengi wanaukata kwa sababu unaning'inia. Nimeufungua nikarudi majini: jaketi imepanda yote mpaka masikioni, mdomo umebaki usawa wa maji, kila wimbi linaingia. Jaketi ile ile! Kwa mtoto ndiyo usiseme, bila huo mkanda jaketi inabaki juu na mtoto anachomoka chini. Kwa mtoto nunua kwa kilo zake zilizoandikwa kwenye lebo, usinunue kubwa eti atakua nayo.

Sasa mama aliyevaa baibui hawezi kupitisha mkanda huo mbele za watu, tusidanganyane. Basi jaketi ivaliwe juu ya baibui, mkanda wa kiuno ukazwe chini kabisa ya mbavu, halafu mwenzako asimame nyuma akuvute mabegani kwenda juu kwa nguvu. Ikigusa masikio ni kubwa, omba nyingine.

Namba nne ni ya kujaza kwa gesi, N 150. Nyembamba, haina joto, unavuta kamba, kichupa cha gesi kinaijaza mara moja. Majini ni nzuri kuliko zote, sina ubishi. Lakini kichupa kikishatumika hununui kipya hapa mjini, mimi sijakiona dukani, na hii ya kuvuta kamba inataka mtu aliye na fahamu. Tajiri mwenye boti yake na utaratibu wa kuikagua, sawa. Kwenye boti la abiria hapana.

Kuhusu filimbi na rangi, msione ni mapambo. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na kipindi hiki cha kusi ndipo unakimbia zaidi. Aliyeanguka nje ya Tanga atafutwe upande wa Moa na mpakani, wala si pale alipoanguka. Kichwa cha mtu katikati ya mawimbi meupe hakionekani. Nunua chungwa au njano, ile ya bluu mwachie anayepiga picha.

Na wenye maboti, jaketi haziwekwi chini ya nyavu, wala hazikaliwi. Sponji ikikaliwa msimu mzima inabonyea moja kwa moja. Ioshe kwa maji baridi ya bomba, ianike kivulini. Abiria, kabla hujatoa nauli sema "nahodha, naomba jaketi yangu," uivae pale pale. Akikwambia utapewa mkifika mbele, shuka.

Vijana mnaoteleza kwa ubao juu ya mawimbi, nanyi mmeniuliza mvae ipi. Namba tatu na nne si zenu, maana kwenye ubao unahitaji kupiga mbizi chini ya wimbi, na jaketi inayokuvuta juu inakuacha wimbi likupige. Anayejifunza avae namba mbili. Zile suti za mpira nene za mtumba, milimita 5, zilishonwa kwa bahari za Ulaya wakati wa vuli yao. Maji yetu hata katikati ya kusi ni kama nyuzi 25, fulana ya mikono mirefu inayobana inatosha. Pesa iliyobaki wekeni kwenye kamba ya mguuni, ile inayowafunga na ubao: urefu wake ulingane na ubao, na kishikizo chake kivuteni kabla ya kila kuingia, kwa kuwa mchanga ukijaa kwenye vile vinyweleo vyake vya kunatia hakishiki tena. Viatu vya maji vaeni, matumbawe hayana simile. Bamvua ikipwa miamba inakuwa karibu sana na uso wa maji, msiingie.

Mkiingia, chagueni alama mbili ufukweni zilizopangana, mnazi na paa la nyumba nyuma yake, kama wafanyavyo wavuvi. Kila baada ya wimbi kadhaa zitazameni. Zikianza kuachana, mkondo umeshawachukua: msishindane nao, kateni kuelekea ufukweni kwa upande, tokeni, mrudi kwa miguu.