Wiki moja St. Lucia: lala Soufrière, Ijumaa usikose Anse La Raye

Nimerudi juzi, nilikaa wiki nzima mwezi wa 12, na naandika kwa yeyote anayetamani Karibi ila bei za hoteli za ufukweni zinamtisha. Mimi nilipanga chumba Soufrière, mji mkongwe kuliko yote kisiwani, Wafaransa waliuanzisha 1746, nyumba za mbao zenye roshani, na ukifungua dirisha asubuhi Petit Piton hiyo hapo, mlima umetoka baharini moja kwa moja umesimama wima, chini yake wavuvi wanashusha samaki.

Usafiri ni Hiace kama daladala zetu, pleti za kijani zinaanza na M, haziondoki mpaka zijae. Ukipanda salimia jamani, pale watu wanasalimiana gari zima, kisha wanaendelea na Kikreoli chao.

Sasa Ijumaa jioni ndo Anse La Raye. Kijiji cha wavuvi, njia ya kwenda mji mkuu Castries, mtaa wa ufukweni unajaa meza na majiko ya mkaa. Nilikula kamba kochi, mwezi huo msimu wake uko wazi, na samaki wa kuchoma kwenye foili na vitunguu na pilipili. Lakini kilichonishika ni mama mmoja aliyekuwa na tunda juu ya makaa, limeungua jeusi tii, akalikwangua ganda, akalipasua, mvuke ukatoka, kumbe shelisheli! Nikamwambia mama, hili kwetu Unguja tunalipika kwa nazi, akanikatia kipande kikubwa bure, laini kama mkate wa moto.

Kilichoniuma ni kurudi. Usiku Hiace hakuna, nikachukua teksi, tukapatana bei, kufika dereva anadai alimaanisha dola za Marekani, na dola 1 ya Marekani ni dola 2.70 za kwao, nililipa karibu mara tatu na niliumia kweli. Kwahiyo kabla hujakaa kwenye siti uliza dola ipi, au mpange dereva wa kukurudisha mapema kupitia mwenye nyumba wako.

Gros Islet kule kaskazini nako Ijumaa kuna shughuli ila ni muziki zaidi, kama unafuata chakula usihangaike. Dennery sikufika, iko upande wa Atlantiki na samaki wao ni Jumamosi, hiyo nimeshaanza kuiwekea hela.