Rode Wireless GO II kwa mwanafunzi wa mawasiliano anayerekodi Lamu

Wanaosomea mawasiliano na uanahabari wakirudi Lamu kurekodi makala zao za redio na video, kinachowaangusha mara nyingi ni sauti. Seti hii ya maiki zisizo na waya, iliyotoka mwaka 2021, inafaa kununuliwa kwa kuchangiana darasani, mradi mjue mji huu unaishinda wapi.

Vipande ni vitatu: viwili vya kuvaa wasemaji, kimoja cha kupokea. Kila kimoja kina uzito wa gramu 30 hivi, na chaji hudumu hadi saa 7. Tatizo la kwanza limo ndani ya boksi: waya wa milimita 3.5 unaokuja nayo ni wa kamera. Ukiuchomeka kwenye simu, simu itaendelea kurekodi kwa maiki yake yenyewe, nawe usijue mpaka ufike nyumbani. Kwa simu ya Android, nunua waya wa USB-C pande zote mbili. Kisha kwaruza maiki kwa ukucha, usikilize ulichorekodi, ndipo umwite mgeni wako.

Kampuni inasema mawimbi hufika hadi mita 200. Hizo ni za peupe, kama ufuoni Shela. Vichochoroni mtaani Mkomani mawimbi ya redio ya 2.4 GHz huzuiwa na kuta nene za mawe ya matumbawe, na hata na mwili wa msemaji akikupa mgongo. Sauti inakatika vipandevipande, na hakuna programu ya kuirudisha. Hapa ndipo seti hii inapojilipia: kila kipande cha kuvaa kinaweza kujirekodia chenyewe zaidi ya saa 24, mawimbi yafike yasifike. Lakini lazima uiwashe kazi hiyo mapema kwa Rode Central, programu ya kampuni yenyewe, na kuzitoa rekodi ni kwa programu hiyohiyo. Usitarajie zifunguke kama za flashi.

Upepo wa kusi ukivuma, usirekodi gatini bila vile vifuniko vya manyoya. Kibonyeze kifuniko, ukizungushe mpaka kishike, uvute kidogo kuhakikisha. Maiki ikae shubiri moja chini ya kidevu. Kanzu iliyotiwa wanga hukwaruza kila mzee anapopumua, kwa hivyo bana kwenye ukingo wa shingo, kichwa cha maiki kikiwa nje kabisa. Kwa mwenye buibui, bana juu ya mtandio, kamwe si chini yake.

Punda akilia karibu, sauti hupasuka. Washa mkondo wa akiba, unaorekodi sauti ileile ikiwa chini kwa desibeli 20 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kuliko mkondo mkuu. Lakini wasemaji wako wawili watachanganywa katika mkondo mmoja, na huwezi kuwatenganisha kwenye kipokezi. Ukiwahoji watu wawili, afadhali uuzime na upunguze kiwango cha sauti.

Kwa dufu na umati wa Maulidi seti hii haifai. Imetengenezewa kinywa kilicho karibu. Zefe ikipita, kila kitu hurundikana pamoja. Azima chuoni rekoda yenye maiki mbili.

Ukitoka baharini, futa tundu la chaji kwa kitambaa kikavu kabla ya kuchomeka chochote. Chumvi yenye unyevu hula vyuma vya ndani, na betri ya vipande hivi haibadilishwi.