Fremu za kupandishia maua: tazama mgongo kabla ya uso

Malalamiko ya wasomaji kuhusu fremu za maua yanafanana. Bogenvilia au waridi limestawi vizuri, halafu siku moja fremu imeng'oka ukutani na mmea mzima umelala chini. Lawama huangukia misumari, lakini mara nyingi kosa ni kwamba fremu ilibandikwa ukutani bila nafasi.

Rangi na umbo utachagua mwenyewe. Kabla ya kulipa, igeuze fremu. Nyuma yake panatakiwa vipande vya kuitenga na ukuta kwa sentimita 5, yaani upana wa vidole vitatu. Yasmini hujisokota, hivyo chipukizi lake hutafuta njia ya kupita nyuma ya ufito. Likikuta upenyo wa milimita chache, hupenya likiwa laini, kisha hunenepa humo humo na kugeuka kabari. Husukuma kidogo kidogo mpaka skrubu inatoka pamoja na plagi yake, yaani kile kidude cha plastiki kinachoishika tunduni, na kipande cha plasta. Hewa nayo isipopita nyuma ya majani, ukungu mweupe kama unga hushika waridi, na majani machanga hujikunja.

Katika vitu vya kupandishia maua, kwangu namba moja ni waya wa chuma cha pua wa milimita 2 hadi 3, unaopitishwa kwenye skrubu zenye pete. Mstari wa kwanza uwe sentimita 40 kutoka ardhini, mingine ipande kwa nafasi hiyo hiyo, na skrubu zikae kila mita 1.5 hadi 2. Waridi linaupenda sana waya wa kulala: ukiliinamisha tawi na kulifunga kando, vichipukizi vya maua hutoka urefu wote wa tawi badala ya kileleni tu. Kwa kukazia, nachagua vifungio vya chapa ya Gripple na sioni haya kusema hivyo. Unaingiza waya, unauzungusha kwenye pete, unaurudisha kwenye tundu la pili na kuvuta. Ukishapita haurudi nyuma, na ukilegea unavuta tena. Usikaze kupita kiasi, maana utang'oa skrubu za pembeni.

Ya pili ni wavu mgumu wa chuma kilichopakwa zinki. Chagua wenye matundu ya sentimita 10 hadi 15, mkono upite wakati wa kupogoa. Huu unafaa hasa kwa maua ya jamii ya karakara, ambayo hushika kwa vikono vyembamba vinavyojikunja kama springi na haviwezi kuzunguka ufito mpana. Pale utakapoukata, zinki imeondoka na kutu itaanzia hapo, kwa hiyo paka rangi ya zinki siku hiyo hiyo.

Fremu ya mbao naiweka ya tatu, ingawa ndiyo inayopendeza zaidi ikiwa tupu. Fito zake huwa pana kwa vikono, na nyingi zimeshikizwa kwa pini za stepla. Tafuta zilizofungwa kwa skrubu. Ukiifunga kwa bawaba upande wa chini, utaweza kuilaza pamoja na mmea wake ukuta unapohitaji rangi. Wisteria usiipe fremu hii. Shina lake hunenepa na kuvunja fito.

Neti za plastiki na mianzi ni za maua ya msimu mmoja. Jua huifanya plastiki ikatike.

Linaloudhi ni jinsi wauzaji wanavyofungasha. Kwenye karatasi kuna picha ya waridi lililokomaa, ndani kuna misumari minne mifupi, na vile vipande vya kutenga vinauzwa kando kwa bei isiyolingana na plastiki iliyomo. Hiyo si nyongeza, ni sehemu ya fremu. Usivinunue. Kata bomba gumu la plastiki vipande vya sentimita 5, kimoja kwa kila tundu, kisha pitisha skrubu ya sentimita 12 katikati yake. Sentimita 5 zinaishia kwenye bomba, 1 kwenye ufito, 1.5 kwenye plasta ambayo haishiki kitu, na 4.5 zilizobaki ndizo zinazoingia kwenye tofali na kubeba mmea.