Mwaka mmoja na mbwa mchungaji tuliyemnunua barabara ya Entebbe

Umetimia mwaka tangu tununue mtoto wa mbwa mchungaji wa Kijerumani katika banda moja kando ya barabara iendayo Entebbe, na sasa naweza kulipima banda hilo kwa niliyoyaona mwenyewe, si kwa picha zilizotuvutia siku ile.

Nianze na haki yao. Vyumba vilikuwa vikavu, na mtoto alitolewa akiwa na wiki 8 wala si kabla, pamoja na kadi yenye muhuri wa daktari wa mifugo na tarehe za kurudia chanjo ya pavo, ugonjwa wa virusi unaoharisha na kuua watoto wa mbwa. Mama yake tulionyeshwa. Alitubwekea, kisha mhudumu alipomtuliza akaja kutunusa bila fujo. Hilo lilinipendeza kuliko yote, kwani mama mwoga huzaa watoto waoga.

Kasoro yao ni mashauri. Muuzaji alisisitiza tumtilie unga wa mifupa kila siku na tumlishe hadi achoke. Daktari wetu wa Kampala alitukataza papo hapo: dume wa aina hii hufikia kilo 30 hadi 40 na kimo cha sentimita 60 hadi 65 begani, na akinenepeshwa mapema au akizidishiwa kalsiamu, viungo huharibika, hasa nyonga, ambazo ndizo udhaifu unaorithiwa katika ukoo huu. Nilikuwa nimemuuliza muuzaji kama wazazi walipigwa eksirei ya nyonga; alicheka, akanionyesha masikio ya baba.

Tuliambiwa pia tumfunge mchana na kumfungulia usiku, kama kwamba ni kufuli. Aina hii ilianzishwa Ujerumani na Max von Stephanitz mwaka 1899 kutokana na mbwa wa kuchunga kondoo, na kiu ya kazi haijawatoka. Wetu alipofungwa alifukua shina la mgomba, na alipofunguliwa aliwazunguka kuku wa jirani mpaka akawakusanya wote kwenye kona moja, bila kumgusa hata mmoja. “Mzee, huyu anataka kazi,” askari wetu akaniambia, naye alikuwa sahihi. Sasa hutembezwa alfajiri na jioni, kwa kuwa manyoya yake ya tabaka mbili hayavumilii jua la saa saba. Manyoya hayo hunyonyoka mwaka mzima. Tunayachana mara tatu kwa wiki, na hapo ndipo tunapowanasa kupe.

Chakula ni posho kidogo, yaani ugali wa mahindi, nyama, na mukene, yaani dagaa, walioshwa sana, maana wale wanaoanikwa chini huja na mchanga. Anakula mara mbili kwa siku na kupumzika baadaye, kwa sababu mbwa wenye kifua kirefu hushikwa na tumbo la kujaa gesi na kujipinda, nalo huua kwa saa chache.

Ningerudi pale kununua jike, kwa sharti kwamba nimwone mama akikimbia, na picha za nyonga ziwekwe mezani kabla ya pesa.