Krimpa tatu (koleo za kubania vichwa vya waya) nilizojaribu kwa waya za Land Rover ya jeshi, na ile moja nimebaki nayo

Land Rover ya mzee mmoja wa Karen ndiyo imenifanya niandike hii. Ni ile Lightweight ya jeshi, Series III ya volti 12, zile Waingereza walitengeneza kutoka 1968 hadi 1984 ndio helikopta iweze kuibeba ukishatoa milango na bampa. Mzee alikuwa anaitayarishia Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale uwanja wa farasi wa Ngong, rangi imeiva, injini inanguruma vizuri, lakini taa ya nyuma ya kushoto kila ikipita tuta inazima, tuta lingine inawaka. Nikaingia chini nikashika kale kampira keusi ka kuunganishia penye waya nyekundu inapita, nikavuta kidogo tu, waya ikatoka peke yake na buleti, yaani kile kichwa cha chuma cha duara kinachobanwa mwisho wa waya, ikabaki ndani ya mpira. Nyuzi zilikuwa zinang'aa, hazina hata alama ya kufinywa, zilikuwa zimelala tu humo ndani. Na hiyo buleti niliibana mimi, miezi mitatu kabla. Iliniuma sana kwa sababu mzee alikuwa ameniamini.

Krimpa niliyotumia siku hiyo ni ile ya kawaida, bapa, ina nukta nyekundu, bluu na njano, nilinunua Luthuli kwa mia tatu hamsini. Muuzaji aliniambia "kastoma, hii inakamata kila kitu" na ni kweli inakamata, shida ni haishikilii. Nguvu yote inategemea mkono wako, asubuhi unabana sawa, saa kumi jioni umeshachoka unabana nusu na huwezi kujua kwa macho. Nilichukua waya ya 28/0.30, yaani nyuzi 28 za milimita 0.3 kila moja, inakuja kama milimita 2 mraba, nikabana buleti nayo, nikafunga buleti kwa vaisi na kwa waya nikaning'iniza mtungi wa lita 20 halafu nikaanza kujaza maji polepole. Mtungi haukufika nusu, waya ikachomoka. Nikarudia mara tano, mara moja tu ndio ilifika lita kumi na tano.

Ya pili ni krimpa ya racheti, elfu moja mia nane Kirinyaga Road, ile haiachilii mpaka ufinye hadi mwisho. Hii naipenda na bado naitumia, lakini kwa kazi yake. Meno yake ni ya temino za plastiki, yaani vichwa vya waya vyenye ganda la plastiki la rangi, nyekundu ni waya ya milimita mraba 0.5 hadi 1.5, bluu 1.5 hadi 2.5, njano 4 hadi 6, na hapo inafanya kazi safi kabisa. Ukiweka buleti ya Lucas, ile ya magari ya Uingereza kama hii Land Rover, inaishikilia vizuri, mtungi wangu ulijaa na waya haikutoka, nikafurahi. Halafu nikajaribu kuiingiza kwa mpira wake ikakataa. Hapa ndio watu wengi hawaelewi, buleti ya Lucas ni milimita 4.7 na lazima ibaki mviringo baada ya kubanwa, maana ndani ya ule mpira kuna kakopo ka brasi kanaibana pande zote. Meno ya temino za plastiki yanaifanya yai. Ukiilazimisha itaingia, lakini inagusa pande mbili tu, na mguso mdogo maana yake ni joto, na joto ukingoja miezi kadhaa unakuta brasi imegeuka rangi na mpira umekauka. Nimefungua viungo kama hivyo vingi sana kwa magari ya watu.

Sasa ya tatu. Hii ni fremu ya racheti ambayo meno yake unabadilisha, unafungua skrubu mbili unaweka mengine. Fremu nilipata hapa Nairobi, lakini meno ya buleti za Lucas nilitafuta Kirinyaga yote, Grogan ya zamani duka kwa duka, nikaenda hadi Kariobangi, wapi. Ikabidi niagize Uingereza, na ukijumlisha usafiri na ushuru kitu yote ilinigharimu kama elfu tisa na mia nne. Najua ni pesa. Lakini ukibana nayo buleti inatoka mviringo vile ilivyoingia, na ule mtungi ulijaa nikauacha hapo hadi kesho yake asubuhi. Nikakata buleti moja katikati na msumeno wa chuma, nikapiga tupa na msasa, nikapiga picha na simu nikavuta karibu: nyuzi zimeshikana kama sega la nyuki, hakuna nafasi hata ya hewa kuingia. Ile ya Luthuli nikaikata pia, nyuzi zilikuwa bado duara kila moja kivyake, kama njugu kwenye gunia, na katikati nafasi tupu. Hewa na maji ya mvua ya mwezi wa nne vinapita hapo, ndio maana unakuta shaba ina ule ukungu wa kijani.

Seti hiyo ilikuja pia na meno ya spedi za Lucar, vile vichwa bapa vya waya, za milimita 6.3, zile hazina plastiki, zina mabawa mawili mbele yanakunjwa yauma shaba na mawili nyuma yanakumbatia ganda la waya. Mabawa ya nyuma watu huyapuuza, lakini hayo ndio yanabeba mtikisiko wa gari.

Kuna mafundi wananiambia kwani si ulehemu tu. Buleti za kulehemu zipo tangu zamani na ziko sawa ukijua kazi, lakini lehemu huwa inapanda kwenye nyuzi ikaingia chini ya ganda, hapo waya inakuwa ngumu kama msumari na kwa gari inayotikisika kama Land Rover inakatikia pale pale ugumu unapoishia.

Malalamiko yangu kwa hii ya tatu ni mawili. Mpini unafunguka mpana mno, nyuma ya dashibodi huwezi kuutumia, lazima uvute waya nje. Na skrubu za meno hulegea, mimi hukaza kila asubuhi, pia kuna kagurudumu kadogo ka kurekebisha nguvu, usikaguse kabla hujabana buleti za majaribio.

Kama gari yako ni jeep ya Willys ya vita vya pili ambayo bado iko kwa volti 6, hili jambo ni zito zaidi kwako. Taa ya wati 60 kwa volti 12 inavuta ampia 5, kwa volti 6 inavuta 10. Kiungo kibovu cha omu 0.1 kitakula nusu volti kwa Land Rover ya mzee, kwa jeep kinakula volti nzima kati ya sita, taa inakuwa ya mshumaa. Jeep za jeshi la Marekani za volti 24 kama M151 usinunue meno ya Lucas, hizo zina viungo vya aina ya Packard na Douglas ndani ya mpira, temino zake ni tofauti kabisa. Na plagi za duara za redio zenye pini za kubana zinataka krimpa ya kipimo cha jeshi, M22520/1-01, inayobonyeza pini sehemu nane. Hiyo bei yake si ya mchezo, mimi huazima.

Ya mzee nilirudia buleti zote, arobaini na mbili, bila kumlipisha. Tuliizungusha barabara ya Outering kwenda na kurudi usiku, mimi nikiwa nyuma na pikipiki nikitazama ile taa ya kushoto, na haikupepesa hata mara moja.