Maktaba za kuunda programu za mezani (desktop): mpangilio wangu kwa anayeuzia maduka ya Kisumu na Magharibi

Ukiandika programu ya kaunta kwa agroveti ya Kakamega, kemisti ya Kondele au sacco ya wakulima kule Bungoma, wewe ni mnunuzi kabla hujawa muuzaji. Hata maktaba ya bure, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ambao programu yako huutumia, ina bei yake. Kuna bando la kuipakua, nafasi itakayochukua kwenye diski ya mteja, RAM itakayoliwa kutwa nzima, masharti ya leseni, na saa utakazokaa na simu sikioni ukimwelekeza keshia kwa sababu dirisha limekataa kufunguka. Mpangilio ulio hapa chini nimeupima kwa jambo moja lililo juu ya mengine yote: kompyuta iliyoko kwenye kaunta ya mteja. Laptopu yako haihesabiki.

Kompyuta hiyo twaifahamu. Kuanzia Kisumu mjini hadi Webuye utazikuta nyingi za mitumba, zile zinazouzwa kwa jina la ex-UK: RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka badala ya SSD, na Windows 10 ambayo Microsoft iliacha kuipa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mara nyingine utaikuta Windows 7. Intaneti ni ya simu ya mwenye duka, nayo huwashwa akiwepo. Stima hupotea bila taarifa.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua chochote, nenda dukani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, usome toleo. Fungua Task Manager uone RAM inayobaki wakati kivinjari na antivirasi vinafanya kazi. Angalia printa ya risiti ni ya karatasi ya milimita 58 au 80, na imeunganishwa kwa USB au kwa mtandao. Muulize mwenye duka kinachomkera. Atakwambia waziwazi: "Kijana wangu, hii kitu yako ikikwama saa ya asubuhi, wateja wataenda kwa jirani." Hakuna hata mmoja atakayekuuliza umetumia lugha gani.

Nambari 1: Windows Forms, juu ya .NET Framework 4.8

Najua wengi waliomaliza chuo juzi wataona nimerudi nyuma. Windows Forms, maktaba ya Microsoft ya kuchora madirisha na vitufe, ilitoka mwaka 2002, na sura yake inaonyesha umri. Lakini kwa duka linalotumia Windows peke yake, sijaona kinachoishinda, na sababu ni hii: .NET Framework 4.8, msingi unaoendesha programu hizo, imo tayari ndani ya Windows 10 tangu toleo 1903 la mwaka 2019, imo ndani ya Windows 11, na hata Windows 7 yenye Service Pack 1 hukubali kuisakinisha. Hivyo programu yako haibebi mzigo wowote. Faili la exe la mfumo mzima wa mauzo laweza kuwa la megabaiti chache tu. Unalipeleka kwa flashi, unalinakili, linafunguka.

Usiichanganye na .NET mpya, yaani 8 na zinazofuata. Hizo ni nzuri na Windows Forms imo ndani yake, ila haziji na Windows. Utalazimika kuzisakinisha kwa mteja au kuzifunga pamoja na programu, na hapo kifurushi huongezeka makumi ya megabaiti.

Kinachoipa nafasi ya kwanza hasa ni printa. Printa nyingi za risiti huelewa amri za ESC/POS (lugha ya printa za risiti), na kupitia winspool.drv, sehemu ya Windows inayotuma kazi kwa printa, unaweza kuzipelekea baiti moja kwa moja bila kidirisha cha kuuliza ukurasa ni wa A4 au la. Karatasi ya milimita 80 kwa kawaida hubeba herufi 48 kwa mstari, ya 58 hubeba 32. Ukipanga jina la bidhaa na bei kwa hesabu hiyo, risiti hutoka imenyooka. Baiti zinazoanza na 27 na 112 huifungua droo ya pesa iliyochomekwa kwenye printa. Skana ya mistari (barcode) nayo hujifanya kibodi: huandika tarakimu kisha ikabonyeza Enter. Basi kazi yako ni kuhakikisha kishale kinarudi kwenye kisanduku cha bidhaa kila mara, la sivyo tarakimu za mfuko wa mbolea zitaandikwa mahali pa kiasi, na jumla itasoma mabilioni ya shilingi.

Kasoro zake ni mbili kubwa. Haitoki nje ya Windows, na kwenye skrini zenye msongamano mkubwa wa nukta maandishi huweza kuonekana yamefifia usipoweka mipangilio ya DPI. Visual Studio Community ni ya bure kwa mtu binafsi, lakini kuipakua kunakula gigabaiti nyingi. Chagua kifungu cha programu za mezani za .NET peke yake, na kama unasoma Maseno au Masinde Muliro, ipakue ukiwa chuoni.

Nambari 2: PySide6

Ukiwa mtu wa Python, au mteja wako ana Linux, chukua hii. PySide6 ndiyo njia rasmi ya kutumia Qt, maktaba ya madirisha, ndani ya Python. Qt yenyewe ilizaliwa Norway na toleo la kwanza la hadhara lilitoka mwaka 1995, kwa hiyo majedwali yake, uchapishaji wake na mpangilio wa skrini vimekomaa. Jedwali la maelfu ya bidhaa hupita bila kukwama iwapo umetumia modeli yake badala ya kujaza kila kisanduku kwa mkono.

Hapa ndipo ninapowaomba vijana wasome leseni. PyQt6, njia nyingine ya kutumia Qt ndani ya Python, na PySide6 hufanana karibu kila mstari, lakini masharti yake ni mbalimbali. PyQt6 iko chini ya GPL: ukimpa mteja programu, lazima uwe tayari kumpa na msimbo wako kwa masharti hayohayo, au ununue leseni ya kibiashara kutoka Riverbank, kampuni inayoitengeneza. PySide6 iko chini ya LGPL, nayo hukuruhusu kuuza programu iliyofungwa mradi umeeleza kwamba unatumia Qt, umeambatanisha leseni, na mteja anaweza kuibadilisha maktaba hiyo akitaka. Wengi wamefuata mafunzo ya YouTube ya PyQt, wakauza, wala hawajui wamejifunga kwa sharti gani.

Kuhusu bando, usisakinishe PySide6 nzima kama huhitaji chati za 3D na kivinjari cha ndani. Kifurushi cha PySide6-Essentials kinatosha kwa programu ya duka, na ni kidogo zaidi. Ujue pia kwamba Qt 6 haikubali Windows 7. Duka likiwa na mashine hiyo, rudi nambari 1.

Hitilafu utakayokutana nayo ni ile inayosema kwamba "Qt platform plugin" haikuweza kuanzishwa. Kwenye mashine yako kila kitu ni sawa. Kwa mteja hakuna dirisha. Mara nyingi folda ya platforms yenye faili la qwindows.dll haikusafiri na programu, au kuna Qt ya zamani ya programu nyingine inayoingilia. Weka QT_DEBUG_PLUGINS=1 kwenye mazingira, endesha programu kutoka dirisha la amri, nayo itakutajia kila folda iliyopekuliwa. Ukifunga kwa PyInstaller, chombo cha kugeuza programu ya Python kuwa exe, chagua folda badala ya faili moja. Faili moja hujifungua upya kwenye folda ya muda kila linapoanzishwa, na kwenye diski ya kuzunguka huo ni muda wa keshia kuinua kichwa na kumwomba mteja radhi. Isitoshe, antivirasi hulishuku mara nyingi zaidi.

Nambari 3: Tauri

Kwa wale wa HTML, CSS na JavaScript. Tauri haibebi kivinjari chake; huazima WebView2, kivinjari cha ndani cha Microsoft kilichomo ndani ya Windows, ndiyo maana kisakinishi chake huwa cha megabaiti chache. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2022, la 2.0 mwaka 2024. Windows 11 ina WebView2 tangu mwanzo, na Windows 10 nyingi ziliipata kupitia masasisho. Tatizo ni zile ambazo hazijasasishwa kwa miaka, na maduka yetu yanazo. Kwa kawaida kisakinishi kitajaribu kuipakua papo hapo, na duka halina intaneti. Unaweza kukiagiza kibebe WebView2 nzima ndani yake, lakini hapo kinapanda zaidi ya MB 100, na faida uliyoifuata imepungua.

Sehemu ya nyuma huandikwa kwa lugha ya Rust, na printa ya risiti utaifikia kupitia Rust. Kama hujawahi kuigusa, jipe muda. Laptopu yako pia itahitaji diski yenye nafasi, kwa kuwa folda ya target, ambamo Rust huweka matokeo ya kujenga programu, huvimba haraka hadi gigabaiti kadhaa.

Nambari 4: Java Swing

Vyuo vyetu vinafundisha Java, kwa hiyo wengi wanaijua tayari, na hilo lina thamani. Swing, maktaba ya madirisha, imo ndani ya JDK (kifurushi cha kuundia programu za Java) tangu 1998 na ingali imo. Ivike FlatLaf, vazi jipya la mwonekano, na sura inakuwa ya leo. Tumia jpackage kutengeneza kisakinishi kinachobeba Java yake, ili usitegemee Java ya mteja. JavaFX, maktaba nyingine ya madirisha ya Java, ni nzuri zaidi kwa macho, ila iliondolewa kwenye JDK tangu toleo la 11 mwaka 2018, na ujumbe wa "JavaFX runtime components are missing" umewafanya wanafunzi wengi kukata tamaa ilhali kinachokosekana ni kuongeza moduli zake kwenye mradi.

Nambari 5: Electron

Slack, Discord na VS Code zimejengwa juu ya Electron, na ni kazi nzuri. Sina ugomvi nayo kwenye mashine yenye RAM ya GB 16. Lakini kila programu ya Electron huja na kivinjari cha Chromium kizima pamoja na Node.js (kiendeshaji cha JavaScript nje ya kivinjari), na kwenye GB 4 zinazogawanywa na antivirasi na kivinjari, keshia ataihisi kila anapobadili dirisha. Tangu Electron 23 ya mwaka 2023, Windows 7 na 8 hazikubaliki tena. Tena Chromium hupata viraka vya usalama mara kwa mara, na kila kiraka ni kisakinishi kipya cha kupeleka Siaya au Busia.

Ukiamua kuitumia hata hivyo, tarajia kosa la NODE_MODULE_VERSION ukitumia better-sqlite3, moduli ya kufikia hifadhidata ya SQLite. Moduli ilijengwa kwa Node ya laptopu yako, na Electron ina ya kwake. Endesha electron-rebuild na litaisha. Kwa risiti, tumia uchapishaji wa kimya wa webContents, usimwachie keshia kidirisha cha kuchagua printa.

Tkinter, maktaba ya madirisha ya Python, sikuiweka kwenye safu hii kwa kuwa ni ya vifaa vidogo vya kazi moja, kama kusafisha faili la Excel la sacco, na kwa hilo inatosha kabisa. Kwenye Ubuntu ikikosekana, sakinisha python3-tk. Flutter kwa Windows imekuwa imara tangu 2022. Ichukue kama tayari una programu ya simu na unataka skrini zilezile mezani.

Matatizo yanayofuata maktaba yoyote

Kuganda ndilo lalamiko la kwanza. Kitufe cha "Lipa" kinapobonyezwa, kazi ya mtandao ikifanyika palepale panapochorwa dirisha, skrini inakuwa nyeupe na Windows inaandika kwamba programu haijibu. Keshia anabonyeza tena. Ipeleke kazi hiyo kando: async na await kwa C#, QThread na signali kwa Qt, SwingWorker kwa Java, na kwa Tkinter uzi (thread) wa pembeni unaoweka jibu kwenye foleni inayosomwa kwa after. Usiguse kitufe wala lebo kutoka uzi mwingine. Programu itafanya kazi wiki nzima kisha ianguke Jumamosi duka likiwa limejaa.

La pili ni mahali pa kuweka data. Usiweke faili la SQLite ndani ya Program Files, kwa sababu mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika humo. Liweke kwenye ProgramData au AppData. Na kwa ajili ya stima, usiizime synchronous, mpangilio unaoifanya SQLite ihakikishe data imefika diskini, ili kupata kasi. Ukitumia WAL (mabadiliko kuandikwa kwanza kwenye faili la kando) na synchronous ya NORMAL, umeme ukikatika hifadhidata haiharibiki, ila mauzo ya mwisho kabisa yanaweza kupotea. Ukitaka kila risiti ibaki, acha FULL. Kaunta zikiwa mbili, usiweke SQLite kwenye folda ya mtandao. Weka hifadhidata ya seva, PostgreSQL au MariaDB, kwenye mashine moja.

La tatu ni M-Pesa. Ukituma ombi la STK (linalomtokea mteja kwenye simu aweke PIN) kupitia Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, jibu la kwamba mteja amelipa hurudi kwenye anwani ya HTTPS iliyo wazi kwenye intaneti. Kompyuta ya kaunta iliyojificha nyuma ya simu ya mwenye duka haina anwani hiyo, na hakuna maktaba kati ya hizi itakayoitengeneza. Una njia mbili: seva ndogo inayopokea majibu na programu yako ikaiuliza, au programu yenyewe iulize hali ya muamala kwa kutumia ombi la STK Query. Amua hili kabla hujakubaliana bei na mwenye duka, kwa kuwa seva hulipiwa kila mwezi na lazima mjue mapema atakayeilipia.